Bolti zilizobaki sakafuni: historia ndogo kutoka nchi ya chai

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, na ahadi hiyo bado ipo, lakini leo nataka tuongee kuhusu bolti. Ndiyo, bolti zile za kufungia mashine kwenye sakafu ya zege. Usifunge ukurasa bado. Ukifika mwisho utaona kwamba mambo ni yale yale ya kompyuta, yamebadilisha nguo tu :-)

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Bomet. Mjomba wangu ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha chai, jina lake naliacha. Amefanya kazi humo zaidi ya miaka 30 na mwakani anastaafu. Siku ya matengenezo, mashine zikiwa zimezimwa, alinichukua nikaone kazi yake. Mimi nilikuwa natazama juu, kwenye mota na mikanda. Yeye akanionyesha chini.

Sakafu ilijaa visiki. Kuizunguka mashine moja tu ya kukatia majani nilihesabu vipande 11 vya chuma vilivyokatwa usawa wa sakafu, vingine vimeota kutu nyekundu, vingine ni matundu matupu yaliyojaa vumbi la chai. Kati ya visiki hivyo ndipo zilipokuwa bolti 4 zinazofanya kazi kweli. Ilikuwa kama shamba lililofyekwa na mtu asiyekuwa na nguvu za kung'oa mizizi.

"Unaona hapo?" mjomba akaniuliza. Palikuwa na kiraka cha simiti mpya, upana wa sahani. Akanieleza. Bolti moja ilikuwa imelegea, ukiikaza nati inazunguka tu. Fundi kijana akaikata, akatoboa tundu jipya upana wa vidole vitatu kutoka kwa lile la zamani, akapiga bolti mpya, akakaza vizuri. Siku ya tisa mashine ikaanza kutembea. Zege lililokuwa kati ya tundu jipya na la zamani lilitoka lote kama kipande cha keki. Mwendeshaji aliisikia sauti imebadilika, akazima haraka. Hakuna aliyeumia.

"Kijana alikosea wapi, mjomba?"

"Bolti alifunga vizuri, mpwa wangu. Sakafu ndiyo hakuijua. Na angeijuaje? Hakuna aliyeandika."

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu siku ile. Kwa hiyo nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sakafu ilianzaje kujaa visiki?

Tuanze na ardhi, kwa sababu kabla ya sakafu kulikuwa na ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis na Watalai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 huko Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliorudi vitani wakiwa walemavu. Walijaribu kulima kitani, mpango ukaanguka baada ya miaka michache. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha Watalai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Madai ya ardhi hiyo bado hayajaisha hadi leo. Ukiona sakafu ya zege ndani ya mashamba hayo makubwa, kumbuka kwamba chini yake kuna habari nyingine ya zamani zaidi.

Viwanda vya mwanzo vya chai duniani vilitumia roli za meza, zile mashine nzito za duara zinazosokota majani polepole. Mara nyingi injini ilikuwa moja tu, ikazungusha shafti ndefu, na kila mashine ikachukua nguvu zake kutoka kwenye shafti hiyo kwa mkanda. Mashine haikuwa na uhuru wa kukaa popote. Ilikaa pale ambapo mkanda unafika, na bolti zake zilisimamishwa kwenye msingi kabla zege halijamwagwa.

Mwaka 1930 huko Assam, India, William McKercher akabuni mashine ya aina nyingine. Ina roli mbili zenye meno, zinazozunguka kuelekeana kwa kasi tofauti kabisa, kwa kawaida moja mizunguko 70 kwa dakika na nyingine 700. Jani likipita katikati linapondwa, linachanika na kujikunja kwa mara moja. Hiyo ndiyo siti-si, na leo karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa kwa njia hiyo. Lakini mashine inayozunguka hivyo hutetemeka, na meno yake yanataka kunolewa mara kwa mara, kwa hiyo roli zinatolewa na kurudishwa tena na tena. Kila badiliko la mtambo ni bolti mpya kwenye zege la zamani.

Kisha mota za umeme zikachukua nafasi ya shafti ndefu. Kila mashine ikapata mota yake na ikaweza kuhamishwa. Rafu za kunyaushia majani zikaondoka, yakaja mabwawa marefu yenye feni. Vikaushio vya minyororo vikapisha vile vya hewa inayorusha majani. Mwaka 1960 ikaanzishwa mamlaka ya kuwasaidia wakulima wadogo, mwaka 1964 ikawa KTDA, na mwaka 2000 ikabinafsishwa ikawa kampuni ya wakulima wenyewe. Ndipo ukawa na viwanda kama Litein na Tegat upande wa Kericho, Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet.

Kwenye mashamba makubwa majina ya getini nayo yalibadilika. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2022 biashara hiyo ya chai ikauzwa kwa CVC, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Kenya yanakwenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ambayo mwaka 2023 ilikuwa imeshachukua yale ya Finlays. Sisemi kwamba mafaili ya mtu yalipotea katika kuuziana huko. Nasema tu kwamba mwenye mali hubadilika, meneja hubadilika, fundi hustaafu, lakini sakafu ni ile ile.

Sisi wa programu tunalijua jambo hili. Ni msimbo wa zamani ambao aliyeuandika ameshaondoka, na hakuna anayethubutu kuufuta kwa sababu hajui nini kitaanguka.

Jina la mtu mdomoni mwa fundi

Hapa kuna jambo lililonifurahisha. Mafundi wetu husema "rolplagi" na "rolbolti". Nilidhani ni maneno ya kiwandani tu. Kumbe ni jina la mtu! John Joseph Rawlings alikuwa mkandarasi wa London. Inasimuliwa kwamba alitakiwa kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta. Wakati ule ilibidi uchimbe shimo kubwa, ukomelee kigingi cha mti, ndipo upige skrubu. Rawlings akatengeneza kifuko kidogo cha nyuzi za mmea, ukikiingiza tunduni na kupiga skrubu kinatanuka na kushika ukuta. Alipata hataza mwaka 1911. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaleta ile ya nailoni tunayoijua sote majumbani.

Rolbolti ya chuma inafuata wazo hilo hilo. Unatoboa zege lililokwisha kukauka, unaingiza bolti yenye kabari au ganda mkiani, unakaza, mkia unatanuka na kung'ang'ania. Aina nyingine haina kabari, inashikwa na gundi ya epoksi. Uvumbuzi huu ulimpa fundi uhuru mkubwa. Zamani mahali pa mashine paliamuliwa siku ya kumwaga zege. Sasa yeyote mwenye drili anaweza kuamua upya siku yoyote. Uhuru huo ndio uliozaa visiki.

Koni usiyoiona

Bolti ikivutwa juu kwa nguvu, mara nyingi chuma hakikatiki. Kinachong'oka ni zege, na hung'oka kwa umbo la koni, ncha ikiwa chini kwenye mkia wa bolti na mdomo mpana ukiwa juu sakafuni. Kwa muda mrefu wahandisi walichukulia koni hiyo ina mwinuko wa digrii 45. Mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen walichapisha njia mpya iliyotokana na majaribio mengi, wakaonyesha kwamba koni imelala zaidi, karibu digrii 35. Maana yake ni kwamba kila bolti inamiliki duara la sakafu ambalo nusu kipenyo chake ni mara moja na nusu ya kina chake.

Nguvu ya koni hiyo, kwa lugha ya kwetu ya msimbo, ni hivi:

nguvu = 7 × mzizi(uimara wa zege) × kina^1.5

Kina kwa milimita, uimara kwa megapaskali, jibu kwa nyutoni. Hiyo 7 ni kwa zege linaloweza kuwa na nyufa. Chukua zege la 20 na kina cha milimita 100. Unapata takriban 31,300, yaani uzito wa tani 3 na kidogo, kabla ya kupunguza kwa ajili ya usalama. Sasa fundi akutane na chuma cha nondo na kuishia milimita 80. Unapata takriban 22,400. Amepunguza kina kwa asilimia 20, nguvu imepungua kwa asilimia 28. Jaribuni wenyewe kwenye kikokotoo.

Ukiweka bolti mbili zenye kina cha 100, kila moja inataka milimita 150 kila upande. Zikikaa milimita 300 au zaidi hazigombani. Zikikaa milimita 150, maduara yanaingiliana, na zote mbili pamoja zinabeba sawa na bolti moja na nusu tu. Ni kama nyuzi mbili za programu zinazogombania kumbukumbu moja. Kila moja peke yake ilipita majaribio.

Je, bolti iliyokufa?

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa mwanzoni. Bolti iliyokatwa haibebi mzigo, basi inamgombania nani? Jibu ni kwamba haigombanii mzigo. Inaharibu nyumba. Tundu tupu ni zege ambalo halipo, na koni ya bolti mpya ikilipitia inakuwa na pengo. Mkia wa kabari uliobaki chini unaweza kuwa bado unasukuma zege kwa pembeni hata baada ya nati kuondolewa. Na chuma kikipata kutu kinavimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Kiwanda cha chai kinaoshwa kwa maji, na Kericho ni mahali ambapo mvua haihitaji kualikwa. Kisiki kilichoachwa kinaendelea kufanya kazi, ila si ile uliyokipa.

Vibali vya kiufundi vya Ulaya vya bolti hizi vina sharti moja fupi kuhusu tundu lililoharibika. Tundu jipya litobolewe mbali na lile kwa umbali usiopungua mara mbili ya kina cha tundu lililoachwa. Unaweza kusogea karibu zaidi endapo tu tundu la zamani limejazwa mota ya simiti yenye nguvu kubwa, na kama bolti itasukumwa kwa upande au kwa mshazari, tundu hilo lisiwe upande ambako mzigo unaelekea.

Nilipomsomea mjomba sharti hili alicheka sana. Akanyosha mkono wake sakafuni, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. "Sisi tulifundishwa shibiri," akasema. "Tundu likiharibika, ondoka shibiri moja. Kama huwezi kuondoka, jaza kwanza, ngoja likauke, halafu uniite." Nikapima shibiri yake kwa futi ya chuma. Milimita 215! Matundu yao mengi yana kina cha 100. Mara mbili yake ni 200. Mzee huyu hajawahi kuona kibali cha Ulaya maishani mwake.

Lakini shibiri ina mpaka wake, na mjomba mwenyewe anakubali. Mguu wa mashine una matundu yake tayari, na huwezi kuuambia usogee shibiri moja. Ndipo mafundi wanapobanwa, na ndipo vidole vitatu vinapozaliwa. Njia za halali zipo. Unaweza kung'oa bolti mbovu yote kwa drili ya kukata duara, ukasafisha, ukaweka kubwa zaidi au ndefu zaidi kwa epoksi. Unaweza kutengeneza bamba pana la chuma lenye matundu mapya yaliyo mbali na makaburi ya zamani, mashine ikafungwa juu yake. Au uvunje msingi ule na kumwaga upya bolti zikiwa ndani, jambo ambalo ndilo bora kwa mashine inayotetemeka. Zote zinataka muda, na majani mabichi yakishafika hayangoji. Msimu wa majani mengi, saa moja ya kusimama ni hasara inayoonekana kwa macho.

Waliobadilisha bila kuuliza kwa nini

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya kiwandani. Hapana. Machi 1979 tume ya nyuklia ya Marekani iliagiza vinu vya nyuklia vikague bolti za kutanuka zilizoshika mabomba yao, kwa sababu hazikuwa za kutegemewa kama ilivyodhaniwa. Ikiwa kinu cha nyuklia kilihitaji kurudi kuhesabu bolti, sisi ni nani?

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Boston. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006, takriban tani 26 za paneli za zege na vifaa vyake zilianguka kutoka dari la handaki la barabara juu ya gari lililokuwa likipita. Mwanamke mmoja alikufa. Dari lilikuwa limening'inizwa kwa bolti zilizoshikwa na epoksi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba epoksi iliyotumika, ile ya kukauka haraka, hunyooka polepole ikivutwa muda wote. Inapita jaribio la dakika chache, halafu miaka inaimaliza.

Lakini sikiliza hili. Mwaka 1999, wakati wa ujenzi, baadhi ya bolti zilishaonekana zimeanza kuchomoka. Zilibadilishwa. Zikawekwa mpya, zikavutwa kwa mashine ya majaribio, zikapita, kazi ikaendelea. Sababu ya zile za kwanza kuchomoka haikupatikana. Handaki likafunguliwa mwaka 2003. Walirekebisha dalili na kufunga faili. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuwasha seva upya, tukaona inafanya kazi, tukaenda nyumbani?

Miaka sita baadaye, tarehe 2 Desemba 2012, dari la handaki la Sasago nchini Japani, lililofunguliwa mwaka 1977, lilianguka na kuua watu 9. Hapo pia bolti za gundi zilikuwemo. Kanuni za zege za Marekani za mwaka 2011 zilikuwa zimeshaanza kudai kwamba bolti za gundi zinazovutwa muda wote, zikiwa zimefungwa kwa kulala au kuelekea juu, zifungwe na fundi mwenye cheti. Kanuni nzuri huandikwa baada ya mazishi. Hilo si jambo la kujivunia.

Ramani ya mjomba

Narudi Bomet. Swali lililobaki halikuwa la hesabu. Mjomba anajua kila kisiki kwenye sakafu ile. Anajua kipi kilikutana na nondo, kipi kilijazwa, kipi kilijazwa kwa simiti ya kawaida kwa sababu dhahabu nyeusi ya epoksi ilikuwa imeisha stoo. Yote yamo kichwani. Mwakani kichwa hicho kinakwenda shambani kulisha ng'ombe.

Kwa hiyo tumeanza kazi. Tunachukua futi, chaki na kompyuta yangu ndogo. Kona ya jengo ndiyo sifuri. Kila bolti, hai au mfu, inapata mstari mmoja kwenye jedwali: umbali wa kulia, umbali wa mbele, kipenyo, kina kama anakikumbuka, mwaka, imejazwa au haijajazwa, na safu ya mwisho ambayo mjomba ndiye aliyeidai, "kwa nini iliachwa". Nilitaka kuiondoa safu hiyo kwa sababu haiingii kwenye hesabu. Akanikatalia. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Hizo nyingine hata mtu mwenye futi atazipata."

Tumemaliza mashine nne. Yule fundi kijana aliyetoboa vidole vitatu ndiye anayeshika upande wa pili wa futi, na sasa ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko sisi wote. Programu yenyewe ni ndogo mno: unaweka mahali unapotaka kutoboa na kina, inakuambia kama uko ndani ya umbali wa hatari na visiki vipi. Mistari isiyofika mia moja. Haimwondoi mhandisi, na haijui nyufa asizoziona mtu. Inamkumbusha tu anayeshika drili kwamba kabla yake kulikuwa na mwingine.

Wewe unayefanya kazi kiwandani, au kwenye mtambo wa maji, au unayefunga minara ya simu, hebu niambie hapa chini: mnaandika wapi matundu mliyoyaacha? Na wewe wa programu, usijifiche, swali ni lako pia.

Ile ya hifadhidata inakuja, safari hii kweli.